Peter Lanyon na mandhari iliyojengwa kabla ya kuchorwa

Mchoro wa Peter Lanyon uitwao Porthleven, wa mwaka 1951, umo katika mkusanyo wa Tate, makumbusho ya sanaa nchini Uingereza. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mchoro wa kidhahania akajiuliza kwa nini umepewa jina la mahali. Porthleven ni kijiji cha bandari kwenye pwani ya kusini ya Cornwall, ile pembe ya Uingereza inayochomoza baharini upande wa kusini-magharibi. Kina gati refu la mawe, bandari ya nje na bandari ya ndani, na jengo lenye mnara wa saa karibu na mlango wa bandari. Vitu hivyo vimo kwenye mchoro, ila havikai kama vinavyokaa kwenye postikadi. Bandari imesimamishwa wima, ukuta umekunjwa, maji yapo juu na chini, na mtazamaji hapewi mahali pa kusimama.

Wengi wakiuona huhitimisha kwamba mchoraji alijichorea rangi na mistari, kisha akatafuta jina la kubandika. Kwa Lanyon dhana hiyo haina msingi kabisa. Wachoraji wachache wa karne ya 20 walifungamana na ardhi moja kama yeye alivyofungamana na Cornwall ya magharibi. Tabu yake ilikuwa kwamba aliijua ardhi hiyo kwa namna nyingi mno, na mchoro wa mandhari wa kawaida haukuwa na nafasi ya kuziweka zote.

Tuutazame kwanza huo mchoro wa kawaida. Tangu karne ya 15 wachoraji wa Ulaya walikuwa na kanuni ya kuonyesha umbali: mchoraji anasimama mahali pamoja, mstari wa upeo unakaa mbele ya macho yake, na vitu vinapungua ukubwa kadiri vinavyokwenda mbali. Kanuni hiyo imetupa michoro mizuri sana, sina ugomvi nayo. Lakini inadai mwili ukae kimya. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar haujui mtaa wake kwa kuutazama kutoka kona moja. Anaujua kwa kupita, kwa ngazi alizopanda, kwa upepo unaomkuta akitokea baharini, kwa ukuta ambao ameuona upande huu na upande ule. Ujuzi wa namna hiyo ndio Lanyon aliotaka kuuchora, na ili aufikie alilazimika kwanza kujenga vitu kwa mikono.

Alizaliwa St Ives, Cornwall, tarehe 8 Februari 1918. Mji huo wa wavuvi ulikuwa tayari umejaa wachoraji, wengi wao wa michoro ya bahari na machweo, na mafunzo yake ya mwanzo yalikuwa ya aina hiyo. Lakini St Ives ilikuwa pia na mzee Alfred Wallis, aliyeishi maisha yake kazini baharini na bandarini na kuanza kuchora uzeeni, juu ya vipande vya maboksi. Wallis hakuifuata kanuni ya umbali. Jahazi lililokuwa muhimu kwake alilichora kubwa, nyumba ikakaa ubavu, na bahari ikainuka kama ukuta. Lanyon alimheshimu sana, na ukiitazama Porthleven utaona kwamba kuisimamisha bandari wima hakukuanza naye.

Mwaka 1939 vita vilipokaribia, wasanii watatu walitoka London na kuja kukaa karibu na St Ives: mchoraji Ben Nicholson, mchongaji Barbara Hepworth, na Naum Gabo, mchongaji mzaliwa wa Urusi. Lanyon, akiwa na umri wa miaka 21, alichukua masomo kwa Nicholson. Aliyempindua zaidi, kwa maoni yangu, ni Gabo.

Gabo alifundisha kwamba sanamu si lazima iwe bonge. Kuna mfano wake maarufu wa michemraba miwili. Mchemraba wa kwanza umefungwa pande zote, kama jiwe lililochongwa. Unachokiona ni ngozi yake. Wa pili una kitako na kifuniko, lakini kuta za pembeni zimeondolewa, na ndani yake bapa mbili zinakatana kutoka pembe hadi pembe na kukishikilia kifuniko. Ukubwa ni uleule, ila sasa macho yanaingia ndani. Unaona nafasi yenyewe iliyomo, ile ambayo mchemraba wa kwanza uliificha. Kwa Gabo nafasi ilikuwa malighafi sawa na mbao au shaba.

Lanyon alilichukua somo hilo akalipeleka ambako Gabo hakulipeleka. Gabo alitengeneza maumbo safi, ya kihisabati, yasiyotaja mahali popote. Lanyon alitaka nafasi iliyo wazi namna ile iwe nafasi ya ghuba fulani, ya mgodi fulani, ya shamba linaloishia kwenye jabali. Vita vilimkatiza kwa miaka kadhaa. Alikuwa fundi wa ndege katika jeshi la anga, akapelekwa Mashariki ya Kati na Italia. Aliporudi St Ives alianza kazi yake ya kweli.

Studio yake ilikuwa na kitu ambacho studio ya mchoraji wa mandhari kwa kawaida haina: viunzi vidogo vya kukaa juu ya meza, vilivyoungwa kwa vipande vya kioo, plastiki angavu, mbao na waya. Ni vitu vya haraka, gundi ikionekana, kingo za kioo hazikulainishwa. Chukua kiunzi cha namna hiyo cha vipande viwili vya kioo vilivyoungwa kwa pembe, kimoja kikiwa na mpigo mweusi wa brashi na cha nyuma kikiwa na mpigo wa kijani. Ukikitazama kutoka mbele, mweusi unaufunika kijani na unaona umbo moja. Sogeza kichwa kidogo kulia, mipigo inaachana na katikati panafunguka uwazi. Sogea tena, ukingo wa kioo unageuka mstari mwembamba, na kilichokuwa ukuta kinakuwa mlango. Hakuna kilichobadilika mezani isipokuwa mwili wako.

Huo ndio ujuzi alioutafuta. Kwenye jabali la Cornwall kila hatua inafanya kazi ileile: jiwe lililoziba bahari linajitenga nayo, shimo linafunguka miguuni, shamba lililokuwa mbali linakuwa chini yako. Kiunzi kilimruhusu kushika badiliko hilo mkononi na kuligeuza polepole. Mwenyewe alieleza kwamba viunzi havikuwa kazi kamili za kujitegemea. Vilikuwa majaribio ya nafasi, ya kumsaidia kuipata nafasi hiyo kwa rangi. Wapo wanaomhesabu kuwa mchongaji kwa sababu ya vitu hivi, na vingine ni vizuri kweli. Mimi nadhani tunavielewa zaidi tukivitazama karibu na mchoro ambao kila kimoja kilisaidia kuuzaa.

Sasa turudi Porthleven. Baraza la Sanaa la Uingereza liliwaalika wachoraji 60 watengeneze kazi kubwa kwa ajili ya sherehe za kitaifa za 1951, kwa sharti kwamba mchoro usipungue inchi 45 kwa 60. Lanyon alichagua ukubwa wa takriban meta 2.44 kwa 1.22. Mafundi wa Afrika Mashariki wanakijua kipimo hicho: futi nane kwa nne, ubao mzima kama unavyotoka dukani. Alichora juu ya hadibodi, na aliisimamisha wima, jambo ambalo peke yake linavunja desturi, kwa kuwa mandhari kwa kawaida hulazwa ili upeo wa bahari upate kunyooka.

Kabla ya hapo alikizunguka kijiji. Alichora kwa penseli kutoka gatini, kutoka juu ya kilima, kutoka usawa wa maji, kutoka nyuma ya nyumba. Alijenga viunzi. Matayarisho yalikula miezi mingi, na toleo la mwisho likachorwa kwa saa chache tu. Watu hulitaja jambo hilo kama kioja, lakini lina sababu. Miezi ile haikuwa ya kukusanya taarifa za kunakili. Ilikuwa ya kuizoesha mikono. Alipofika mbele ya ubao hakuwa akitazama mchoro wa penseli wala kiunzi. Mkono ulikuwa umeshajua kwamba ukuta huu unarudi nyuma ya ule, na kwamba maji yanaingia kwa kona.

Jinsi ujuzi wa kioo unavyohamia kwenye ubao bapa ni jambo linalofaa kutazamwa taratibu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Ubao hausogei, na mtazamaji akisogea haoni kitu kipya. Kwa hiyo Lanyon anautumia mstari mmoja kwa kazi mbili. Mstari unaanza kama ukingo wa gati, unapinda, na kabla hujatambua umekuwa ubavu wa chombo au mpaka wa maji. Bapa la rangi lililo mbele upande wa chini linapita nyuma ya jirani yake upande wa juu. Jicho likifuata, linalazimika kubadili mahali linapodhani limesimama, tena na tena. Unazungushwa bandarini hali umesimama palepale sakafuni.

Mfano mzito zaidi ni St Just, mchoro wa 1952 hadi 1953, unaolingana na Porthleven kwa ukubwa na umesimama wima vilevile, safari hii kwenye turubai. St Just ni mji wa wachimbaji wa bati na shaba karibu na ncha ya magharibi kabisa ya Cornwall. Katikati ya mchoro mstari mpana mweusi unashuka: ni shimo la mgodi. Pande zote mbili umezungukwa na vipande vya kijani na kijivu, mashamba na kuta za mawe, na upande wa juu mistari inakatana na mweusi huo kufanya msalaba.

Msalaba huo haukuwekwa kwa mapambo. Karibu na St Just uko mgodi wa Levant, uliochimbwa hadi chini ya sakafu ya bahari. Wachimbaji walishuka na kupanda kwa mashine yenye boriti ndefu iliyokuwa ikienda juu na chini ndani ya shimo, ikiwa na vikanyagio. Mtu anakanyaga boriti ikipanda, anahamia kwenye ubao wa ukutani ikishuka, kisha anairudia ikipanda tena. Tarehe 20 Oktoba 1919 kiungo cha chuma kilichoishika boriti hiyo upande wa juu kilikatika wakati wachimbaji wakipanda, na watu 31 wakafa. Lanyon alikuwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi, kwa hiyo alikua katika nchi iliyokuwa ikiubeba msiba huo. Aliuchora mji kama kusulubiwa.

Sasa jiulize mchoro wa kawaida ungefanya nini na jambo hili. Ungeonyesha bomba la moshi la mgodi juu ya jabali, mawingu, bahari. Shimo lisingeonekana, kwa kuwa halionekani kutoka mahali popote mtu anapoweza kusimama. Wala watu walioingia chini ya mashamba wasingeonekana. Ili shimo na shamba na vifo viwe sehemu ya mahali pamoja ilibidi ardhi ipasuliwe, na kwa hili naona St Just ni mchoro wa kweli zaidi kuhusu mji wa migodi kuliko picha nyingi zinazofanana na mji wenyewe.

Na rangi yenyewe inafanya kazi ya mchimbaji. Katika michoro ya miaka hii Lanyon alipaka, akakwangua, akapaka tena, akachimba mistari kwenye rangi iliyoanza kukauka. Ukiukaribia mchoro unaona matabaka: nyeupe iliyochoka juu ya kijani, kijani iliyochanwa mpaka ubao ukachungulia. Uso wake una mabonde. Taa ikiupiga kutoka pembeni, kingo za rangi zinatupa vivuli vidogo. Hapa ndipo mchoro unakaribia kuwa sanamu kwa maana ya kawaida kabisa, ya kitu chenye kina kinachoweza kuguswa. Picha za kwenye simu hulifuta jambo hili lote.

Kati ya 1950 na 1957 alifundisha katika chuo cha sanaa cha Corsham, mbali na Cornwall, na mwaka 1957 akafanya maonyesho yake ya kwanza New York. Huko alikutana na wachoraji wa kidhahania Mark Rothko, Franz Kline na wenzao, na Rothko alimtembelea Cornwall mwaka 1959. Baada ya hapo mipigo yake ya brashi inakuwa mipana, rangi inakuwa nyepesi, kasi inaonekana. Kwa sababu hiyo baadhi ya vitabu vinamweka kama tawi la Kiingereza la wachoraji wa New York. Naona ni kumpunja. Mpigo wa Kline ni mpigo, unajitosheleza. Mpigo wa Lanyon hata ukiwa wa kasi una mwelekeo wa upepo na upande wa jabali.

Mwaka huohuo wa 1959 alianza kujifunza kurusha ndege isiyo na injini, kwenye uwanja wa Perranporth ulio juu ya majabali ya kaskazini. Alianza kuruka peke yake mwaka 1960. Si kwamba alichoka na ardhi. Alitaka mahali pengine pa kuitazamia, tena mahali pasipotulia kamwe.

Ndege ya namna hii hubebwa na hewa. Upepo wa bahari ukigonga jabali hauna pa kwenda ila juu, na rubani anayefuata ukingo wa pwani anainuliwa nao. Bara, jua likipasha joto ardhi kavu, hewa ya juu yake inakuwa nyepesi na kupanda kama nguzo. Rubani akiikuta anazunguka ndani yake, bawa moja limeinama, na kila mzunguko unampandisha. Akitoka nje ya nguzo anashuka. Hewa hiyo haina rangi wala umbo kwa macho. Inajulikana kwa mwili: kiti kinakusukuma, bawa linanyanyuka, tumbo linabaki nyuma. Lanyon alisema hewa ni ulimwengu wenye shughuli zake, tata na unaodai mengi kama bahari.

Ugumu wa uchoraji hapa ni mkubwa kuliko wa bandari. Bandari ina kuta. Hewa haina chochote cha kuchorea ukingo. Katika Thermal (ndilo jina la Kiingereza la nguzo hiyo ya hewa), mchoro wa 1960 uliomo Tate, alijenga hewa kwa rangi za buluu, kijivu na nyeupe zinazosukumana, huku mipigo ikijipinda na kupanda. Katika Solo Flight, wa mwaka huohuo, uliomo katika makumbusho ya taifa ya Scotland, kuna mstari mwekundu unaozunguka juu ya ardhi. Ni njia ya ndege, na macho yakiufuata unaonekana mara uko juu sana, mara umelala shambani. Ni mbinu ileile ya ukuta wa Porthleven uliokuwa gati na ubavu wa chombo kwa pamoja, ila sasa mstari hauzungushi kitu chochote kigumu. Unaizungusha nafasi tupu. Mwanafunzi wa Gabo alikuwa amefika pale somo la michemraba miwili lilipoelekea, naye amefika kwa kuruka.

Tarehe 31 Agosti 1964 alifariki hospitalini Taunton kutokana na majeraha ya ajali ya ndege yake iliyotokea siku chache kabla huko Devon. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Miongoni mwa kazi za mwaka wake wa mwisho ni Glide Path, yaani njia ya ndege inayoteleza hewani, iliyoko jumba la sanaa la Whitworth, Manchester. Vifaa vyake vimeandikwa kuwa ni rangi ya mafuta na plastiki juu ya turubai. Kwa miaka mingi plastiki na kioo vilikaa mezani, na rangi ikakaa ukutani. Cha mezani kilifundisha cha ukutani, kisha kikawekwa kando. Hapa kipande cha plastiki kimebandikwa juu ya turubai na kubaki hapo, njia ya ndege ikiwa imekuwa kitu halisi kinachokaa mbele ya rangi. Sijui mchoro mwingine wake unaouleta ujenzi na uchoraji karibu namna hii, na kwa hiyo ndio ninaomshauri mtu auone ana kwa ana akiwahi kufika Manchester na kuukuta umetundikwa. Autazame kutoka mbele, kisha ausogelee kwa ubavu. Kwenye skrini plastiki ile inaonekana kama mstari mwingine tu wa rangi.